Ugenini kwa Wakwe

Habari ilimfikia msusi akiwa ameshika kichwa cha mtu. Kichwa chenyewe kilikuwa cha mke wa Mwenyekiti wa mashabiki wa mpira, mwanamke ambaye akisukwa mdomo haupumziki. Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya magoti ya msusi, kioo mkononi, akizungumza na sura yake mwenyewe.

"Jumamosi hii mji utabaki na wanawake na paka," alisema. "Wanaume wote wanaondoka. Mchwa wanacheza ugenini."

"Hao wanacheza kila siku. Inamisha kichwa."

"Hii siyo ya kila siku, mwenzangu. Mchwa wa kwanza kwenye ligi, Ngiri wa pili, na pointi waliyopishana ni moja tu. Mume wangu halali. Juzi kapuliza filimbi ndotoni, nikaamka nimesimama." Akageuza kioo apate kuuona uso wa msusi. "Na mumeo ndiye wa kwanza kulipia kiti. Basi lenyewe lilikuwa halijapatikana, Barafu kashalipa."

Msusi akacheka. Mumewe alikuwa fundi wa friji, na kwa kazi hiyo, na kwa upole wake, mji mzima ulimwita Barafu. Upole huo uliyeyuka kwenye mpira tu. "Huyo hata wakicheza mwezini atakwenda. Wanacheza wapi?"

"Huko huko kwenu. Ngiri si timu ya kwenu?"

Vidole vya msusi vikasimama. Kisha vikaendelea, lakini msuko uliofuata ulivutwa mpaka nyusi za mteja zikapanda.

"Polepole, bibi wee. Ratiba sikuipanga mimi."

Msusi hakuwa mtu wa kelele. Alimaliza kichwa kile kwa ustadi uleule, akampa mteja kioo cha pili ajione kisogo, akamsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi ndani alikaa kwenye kigoda akayaangalia mabaki ya nywele yaliyotapakaa sakafuni bila kuyafagia. Tangu binti yao, Pipi, akiwa wa kubebwa mgongoni, mpaka sasa anasubiri kuanza shule, mumewe alikuwa hajakanyaga kwa wakwe zake. Msusi alikwenda peke yake na mtoto. Kila alipofika aliulizwa mwenzake yuko wapi, na kila mara alidanganya kwa niaba yake: kazi zimemzidi, mgongo unamsumbua, barabara mbaya, jino. Mwaka uliopita shangazi yake alimwambia mbele ya wageni, "Mumeo tuletee hata picha, tusije tukamkanyaga njiani bila kumjua." Wageni walicheka, naye akacheka pamoja nao, halafu akaenda bafuni akafungua maji yatoe sauti.

Sasa mgongo ule, na jino lile, na barabara ileile, vyote vimelipiwa kiti.

Barafu alirudi jua likiwa bado juu ya mapaa, akipiga mluzi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mikono imejaa makovu madogo ya shaba ya moto. Aliutua mfuko wa vifaa juu ya friji yao, ambayo ilikuwa haina mlango wala mota na Pipi alikuwa anawekea nguo. Msusi aliwahi kuwaambia wateja kwamba friji zote za mji zinagandisha isipokuwa ya fundi.

Akatengewa chakula. Msusi akakaa mbele yake, jambo ambalo si kawaida yake kabla vyombo havijaoshwa.

"Mgongo unaendeleaje?" akauliza.

"Mgongo?" Barafu alikuwa ameshasahau kama ana mgongo. "Mzima tu."

"Afadhali. Na ile barabara ya kwetu, wameshaitengeneza?"

Barafu akatafuna polepole. Tonge lililokuwa mdomoni lilikuwa limeongezeka ghafla. "Sijasikia."

"Maana uliniambia ina mashimo, magari yanalala njiani. Nikasema labda wameziba kwa heshima ya Mchwa."

"Mchwa wanaziba mashimo?" akauliza Pipi, ambaye alikuwa amekaa mkekani akimsuka mwanasesere aliyebaki na nywele za upande mmoja.

"Mchwa wanachimba, mwanangu," mama yake akamjibu. "Muulize baba yako."

Barafu akaweka kijiko chini. "Nani kakwambia?"

"Kichwa cha mtu."

"Mimi mwenyewe nilikuwa nitakwambia."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa jioni, au Ijumaa nimeshalala?"

Barafu alijaribu njia nyingine. "Mama Pipi, ile ni mechi ya ugenini. Tunafika, tunacheza, tunageuza. Hata maji ya kunywa mtu anabeba kutoka kwake."

"Huko unakokuita ugenini," msusi alisema taratibu, "ndiko nilikozaliwa."

Pipi akaacha kusuka.

Jambo lililomzuia Barafu lilikuwa nyama. Baba mkwe wake alikuwa na bucha, na katika ziara yake ya mwisho friji kubwa ya bucha ilikuwa inatoa sauti kama mzee anayekoroma. Barafu alikuwa mkwe mgeni, tena fundi. Akavua shati akaingia kazini mbele ya wateja. Alijaza gesi, akapiga ubavu wa friji kwa kiganja, akatangaza kwamba sasa hata samaki wa barafuni angeomba koti. Hakutafuta bomba linapovujia. Asubuhi yake bucha lilinuka mpaka ng'ambo ya barabara. Mzee alisimama mlangoni ameshika pua, wateja wamejaa, akasema, "Binti yangu aliniambia anaolewa na fundi. Hakuniambia fundi wa nini." Barafu aliondoka na basi lililofuata.

"Watu walicheka, Mama Pipi," alisema sasa, akiangalia sahani. "Yule mama mwenye kikapu alicheka mpaka akakaa chini."

"Nilimwona. Nilikuwepo."

"Basi unajua."

"Najua. Wewe ulichekwa asubuhi moja, Baba Pipi. Mimi nachekwa kila nikienda. Wananiuliza kama nina mume au nilikodi wa harusi." Akakaza fundo la kanga. "Nilikuwa najiambia hawezi kwenda, maskini, ana aibu. Kumbe aibu yako inapanda basi vizuri tu, ilimradi mbele kuna mpira."

Barafu alinyanyua macho. Kwa kweli hakuwa amewahi kulitazama jambo hilo kutoka upande ule, na alipolitazama hakupenda alivyoonekana.

"Unataka nisiende," alisema.

"Nataka uende. Mimi na Pipi tunakuja. Viti vyetu nitalipa mwenyewe, mikono hii haijakatika. Tutashuka pamoja, tutaingia kwa baba pamoja, ndipo uende kwenye mpira wako, na jioni utalala kwetu kama wakwe wengine wanavyolala. Lakini ukiupita mlango wa baba yangu kwenda uwanjani bila kuingia, rudi peke yako. Mimi nitabaki kwetu mpaka ratiba ikulete tena."

Alisema hivyo bila hasira, akainuka, akachukua sahani. Hilo ndilo lililomtisha Barafu. Mke anayegomba unajua atanyamaza. Huyu alikuwa ameshanyamaza.

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha kwa mji mzima isipokuwa mtu mmoja. Fundi cherehani alikuwa anashona bendera ya rangi ya chungwa ndefu kama pazia la ukumbi. Wauza magazeti walibishana na wanunuzi. Mtu aliyekuwa hajasalimiana na jirani yake tangu wagombanie ukuta alionekana akimpaka rangi usoni kwa majaribio. Barafu alifanya kazi amelala kifudifudi nyuma ya friji ya soda katika duka la kona, na Mwenyekiti wa mashabiki, ambaye kwa siku za kawaida alikuwa kinyozi, akaja kuongea na nyayo zake.

"Barafu, goma la pili utapiga wewe. La kwanza napiga mimi."

"Mwenyekiti, mimi nina mambo."

"Mambo gani yanayozidi kuongoza ligi?"

Barafu akajitoa nyuma ya friji kinyumenyume, buibui nyweleni, akamweleza yote. Mwenyekiti alisikiliza amekunja mikono, akitikisa kichwa kama daktari.

"Mpigie simu," alisema mwisho. "Mtu akikuona kwanza kwa sauti, mshtuko unapungua."

"Nimwambie nini?"

"Msalimie. Salamu hazimpi mtu kesi."

Walitoka nje ya duka. Barafu akapiga. Simu ilipokelewa, na kabla ya sauti ya mtu ilisikika sauti ya shoka likishuka juu ya gogo.

"Nani?"

"Shikamoo, baba. Ni mimi. Mkwe wako."

"Nina wakwe watatu. Yupi?"

Barafu akafumba macho. "Wa friji."

Shoka likanyamaza. Barafu alisikia wateja wakiongea, kisha mtu akikohoa, na aliapa baadaye kwamba alisikia pia friji yenyewe ikikoroma.

"Marahaba," alisema mzee. "Timu yenu inakuja Jumamosi."

"Ndiyo, baba."

"Mtapigwa."

"Tutaona, baba."

"Uje mapema. Kabla hatujafunga." Simu ikakatika.

Barafu alibaki ameishika sikioni. "Kasema nije kabla hawajafunga."

"Hawajafunga duka, au hawajafunga goli?" akauliza Mwenyekiti.

"Sijui."

"Maana hapo kuna tofauti. Kama ni duka, ni mwaliko. Kama ni goli, ni tusi."

Walilijadili hilo mpaka mwenye duka akaja kuuliza kama friji yake inatengenezwa au inasubiri mechi. Nyumbani Barafu alimsimulia mkewe, neno kwa neno, pamoja na shoka. Msusi aligeukia dirisha ili asimwone anavyotabasamu. Alimjua baba yake. Mzee yule hakuwa mtu wa kuongeza neno kwenye simu kama halina kazi.

Jumamosi basi liliondoka alfajiri likiwa limefungwa vitambaa vya rangi ya chungwa mpaka kwenye vioo vya pembeni, dereva akilalamika kwamba haoni nyuma na mashabiki wakimwambia nyuma hakuna jambo, twende mbele. Msusi alikaa kiti cha tatu na Pipi dirishani. Barafu alivaa suruali iliyonyooshwa na shati jeupe la heshima, limefungwa vifungo hadi shingoni, na ndani ya shati alivaa jezi ya Mchwa. Alikuwa anatoka jasho kabla jua halijachomoza.

Haikuchukua muda watu kugundua kwamba ndani ya basi kuna binti wa mji wa Ngiri.

"Tumebeba jasusi," alisema muuza kuni mmoja wa kiti cha nyuma. "Akifika atawaambia siri zetu zote."

"Siri gani?" akajibu msusi bila kugeuka. "Kwamba beki wenu wa kulia hana mbio? Hilo hata huko kwetu wanalijua. Na mnipende, maana mkifika pale mkiuliza uwanja uko wapi, mtaelekezwa makaburini."

Basi zima likaangua kicheko. Mwenyekiti akapuliza filimbi kumwidhinisha. Wimbo wao wa siku hiyo ulikuwa umekwama kwenye mstari wa pili, kwa sababu hawakupata neno lenye kina kimoja na "Ngiri". Walishajaribu "kiburi" na "safari", hayakukaa. Msusi, ambaye kwa miaka mingi aliimba akisuka, alivumilia kwa muda, kisha akashindwa.

"*Mchwa hana haraka, Ngiri*," akaimba, "*kaa kwenye shimo usubiri.*"

Walinyamaza wakaionja. Kisha goma likadunda, na basi likaingia barabara kuu likiimba kwa sauti moja, Pipi akipiga kioo kwa viganja. Hakuna aliyekumbuka tena habari ya jasusi. Barafu peke yake hakuimba. Alikuwa anamtazama mkewe, shingo yake ilivyoinuka, kinywa chake kilivyojaa wimbo, na aliwaza kwamba katika ndoa yao yote hajawahi kumwambia twende pamoja kwenye mpira. Alidhani hapendi. Hajawahi kumuuliza.

Na kuhusu mashimo, barabara ilikuwa na lami safi toka mwanzo hadi mwisho. Msusi hakusema kitu. Kila walipopita kipande kizuri zaidi alimtazama tu mumewe, naye akatazama miguu yake.

Bucha lilikuwa wazi. Basi liliwashusha kwenye kona, na mashabiki wakaahidi kukutana nao uwanjani. Barafu alibeba begi kwa mkono mmoja na Pipi kwa mwingine, ingawa Pipi alikuwa anaweza kutembea vizuri tu. Alihitaji kitu cha kusimama mbele yake. Mbele ya bucha watu walikuwa wamepanga mstari, wengi wamevaa zambarau ya Ngiri, na nyuma ya meza alisimama mzee, mnene, koti jeupe, kisu mkononi. Nyuma yake friji ilikoroma.

Mzee aliwaona. Hakutoka nyuma ya meza. Alimaliza kumkatia mteja, akafunga nyama, akafuta kisu kwa kitambaa upande mmoja na upande wa pili.

"Jamani," akawaambia watu wa mstarini, "huyu ndiye yule mkwe wangu wa friji."

Vicheko vikaanza kama mvua ya kwanza juu ya bati, moja moja, halafu vyote. Ilikuwa kana kwamba wamemngoja. Barafu alihisi masikio yanawaka. Miguu yake ilijua njia ya kurudi kwenye basi na ilikuwa tayari. Kisha akamwona mkewe amesimama kando, kilemba chake cha rangi ya chungwa kimelegea kwa safari, anacheka na watu kwa mdomo, macho yake hayacheki. Uso ule msusi alikuwa ameuzoea kuuvaa. Barafu akatambua kwamba ndio uso anaokuja nao hapa kila mwaka.

Akamweka Pipi chini.

"Shikamoo, baba," alisema, na kwa sababu vicheko vilikuwa vingi akapaza sauti. "Ni kweli, ni mimi. Kosa lilikuwa langu. Nilijaza gesi bila kutafuta tundu, kwa majivuno, nionekane fundi mbele za watu. Nyama ikaharibika. Nilitakiwa nikuombe radhi asubuhi ileile, lakini nilikimbia, na mke wangu akawa analipa aibu yangu hapa kila akija. Leo nimekuja kuomba radhi. Nimechelewa, naomba mnisamehe, wewe na yeye."

Mteja wa mbele aliangalia viatu vyake. Msusi alikirekebisha kilemba chake.

Mzee akaweka kisu chini. Akazunguka meza, akichechemea kwa goti lake bovu, akaja kusimama mbele ya mkwe wake.

"Nyama ilikaa siku moja ikanuka," alisema. "Wewe umekaa miaka yote hii. Mbona hunuki?"

Barafu akajinusa bega kabla hajajizuia.

"Ile nyama niliisahau wiki ileile. Tulifukia, tukanawa, ikaisha. Mimi nauza nyama, unadhani ni mara yangu ya kwanza kuona imeharibika?" Akashusha sauti, lakini watu walikuwa wametega masikio, wakasikia yote. "Nilisema neno baya mbele za watu kwa sababu ya hasara. Jioni nikauliza uko wapi, nikaambiwa kaondoka. Nikasema atarudi, mtoto wa watu, hasira zitapoa. Wewe si ndiye Barafu? Barafu gani haipoi?"

Mama mmoja aliyekuwa wa mwisho mstarini alicheka, na Barafu alipogeuka akamkuta ni yuleyule wa kikapu. Safari hii Barafu naye alicheka.

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema, akampa mkono, kisha akaona mkono hautoshi, akamkumbatia. Wakati huo mama mkwe alikuwa ametoka mlango wa nyuma ameshika mwiko, akawatazama wote waliosimama juani. "Mmewaweka wageni mlangoni kama wadai," alisema. "Pipi, njoo kwa bibi. Waache wanaume waombane radhi, wakimaliza watakuta tumeshakula."

Walikula mapema, kwa kelele. Mama mkwe alimwongezea Barafu nyama kila aliposhusha macho, na mzee alimwambia ale bila wasiwasi, ni ya leo. Friji ilikoroma kule mbele, na mikono ya Barafu ikawa inawasha.

"Baba, ile sauti..."

"Usiiguse."

"Ni feni tu, inahitaji..."

"Kula, mwanangu."

Baada ya chakula Barafu alifungua vifungo vya shati, maana saa ilikuwa inakwenda na Mwenyekiti alikuwa anamngoja na goma. Rangi ya chungwa ikatokea. Mzee aliitazama jezi ile kama anatazama mzigo wa bei mbaya, halafu akatia mkono mfukoni akatoa tiketi mbili.

"Nilinunua siku uliyopiga simu," alisema. Alionekana ghafla hana uhakika na mikono yake. "Jukwaa la nyumbani. Lina ngazi chache, kwa ajili ya goti. Zamani nilikuwa nakwenda na rafiki yangu muuza mkaa. Tangu afariki nasikiliza redio. Wakwe zangu wengine, mmoja hapendi mpira, mwingine anapenda ndondi. Nikasema labda... lakini una watu wako. Nenda kwa watu wako, siyo kitu."

Barafu aliziangalia tiketi. Alikuwa amengoja mechi hii tangu ratiba ilipotoka. Alikuwa ameota goma lile. Alimtazama mkewe ili amsaidie, lakini msusi alikuwa ameshafika mbali zaidi yake. Alikuwa amesimama, kilemba kimekazwa upya, amemshika Pipi mkono.

"Kiti chako kwa Mchwa nitakaa mimi," alisema. "Goma nitapiga mimi, Mwenyekiti nitamweleza. Wimbo wenyewe ni wangu."

"Mama Pipi, unajua kupiga goma?"

"Najua kusuka. Mikono ni ileile."

Ikabaki jezi. Hakuna mtu mwenye akili angekaa katikati ya zambarau na rangi ile. Mzee akaenda bucha akarudi na koti jeupe la akiba, likiwa safi, limenyooshwa. Lilikuwa la mtu mnene na Barafu alikuwa mwembamba, likamzunguka karibu mara mbili, na mikono ikaishia juu ya viwiko. Wakaondoka hivyo, wachinjaji wawili, mmoja anachechemea, mwingine anatembea polepole makusudi ili wasiachane.

Uwanja ulikuwa umejaa mpaka kwenye ukuta. Mzee alisalimiwa kila hatua, na kila aliyemsalimu alitambulishwa: "Mkwe wangu. Fundi." Hakuongeza neno. Walikaa. Ng'ambo, kwenye kona ya wageni, kilikuwepo kipande kidogo cha rangi ya chungwa kama ganda lililoangushwa, na kutoka kule upepo ulileta wimbo. *Mchwa hana haraka.* Barafu alitafuta kilemba cha mkewe asikione, lakini goma alilisikia. Lilikuwa linapigwa vibaya, kwa furaha kubwa.

Ngiri walitangulia kufunga. Mzee aliruka kwa goti lake lote, akamkumbatia mtu aliyekuwa karibu, akampiga mgongoni, akambusu kichwani, na alipofungua macho akakuta ni Barafu, ambaye alikuwa na sura ya mtu aliyeletewa msiba. "Pole, mwanangu," alisema mzee, bado anamkumbatia. "Pole sana." Kisha akashindwa kujizuia akampiga mgongoni tena.

Kipindi cha pili kilikuwa kinaelekea mwisho Mchwa walipopata mpira pembeni. Ukapigwa juu, ukagonga kichwa cha mtu, ukamrudia mtu, ukaingia wavuni bila haraka yoyote. Kipande cha chungwa kule ng'ambo kikalipuka. Jukwaa la nyumbani likawa kimya kama darasa. Barafu alibaki kitini. Alishika kiti kwa mikono yote miwili, akauma midomo, mishipa ikamtoka shingoni, machozi yakaanza kumlenga. Koti la bucha lilikuwa linatetemeka juu yake.

Mzee alimtazama kwa upande.

"Shangilia tu, mwanangu," alisema. "Utapasuka."

Barafu akasimama. Hakukumbuka kufungua koti, lakini lilikuwa wazi na jezi ilikuwa nje, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya wiki nzima na ya miaka yote. Watu wa mbele wakageuka. Kijana mmoja mwenye mabega mapana akainuka kuuliza huyu katoka wapi. Mzee naye akasimama, akajishikilia kwenye mkono wa mkwe wake ili goti limkubali.

"Mwacheni," akasema. "Huyo ni wangu."

Mechi iliisha hivyo, goli moja kwa moja, na ubishi ukaanza kabla filimbi haijanyamaza. Mzee alisema goli la Mchwa lilikuwa la kuotea. Barafu akasema beki alikuwa amesimama pale, kila mtu kamwona. Walibishana ngazi zote za jukwaa, wakabishana njiani, wakapitiliza nyumba kwa ubishi wakalazimika kurudi. Walimkuta msusi barazani, sauti imemkauka kabisa, viganja vimevimba, anawasimulia mama yake na shangazi yake kwa ishara. Shangazi alimwangalia Barafu ndani ya koti lile kubwa.

"Kumbe yupo," alisema. "Na mrefu hivi."

Msusi alicheka bila sauti mpaka akaegemea nguzo, na safari hii macho nayo yalicheka.

Jumapili waliposindikizwa kituoni, mzee alikuwa ameshagundua hoja mpya kuhusu kule kuotea, akaimaliza dirishani huku basi likinguruma. Mama mkwe alimkabidhi msusi kifurushi. Pipi alikuwa anang'ang'ania kubaki. Dereva akapiga honi.

"Sasa hii ligi," alisema mzee, akishika kioo cha dirisha kana kwamba angeweza kulizuia basi, "si wanarudiana? Si lazima Ngiri waje kwenu?"

"Lazima, baba," akasema Barafu.

"Mwezi gani?"

Barafu alikuwa anaijua ratiba yote kwa kichwa, akafungua mdomo ajibu, lakini msusi alimwahi. Alijiinua kitini, akatoa kichwa dirishani, na kwa kile kisauti kilichombakia akamwambia baba yake siku, saa na uwanja. Kisha akamwambia aje mapema na mama, na koti la kufichia zambarau alete, kwa sababu safari hii ugenini ni kwake.